Kitovu Chini ya Ukuta wa Ngome

Mimi sikusoma sana, kwa hiyo nitasema tu ilivyokuwa.

Binti yangu alizaliwa hapa ugenini, mtaa wa Bellevue, katika chumba kimoja cha nyumba iliyogawanywa kwa mbao. Kitovu kilipodondoka nilikifunga kwenye kitambaa cha bluu, nikakosa pa kukizika. Kwetu Uvira kinazikwa chini ya mgomba, nyuma ya nyumba. Mpangaji ana nyuma gani? Uani ni simenti na ndoo za watu.

Juu ya kilima kuna ngome ya mawe. Askari Waingereza waliijenga zamani, walipopigana na Makaburu. Zimebaki kuta tu, paa hakuna. Marehemu mume wangu alinisomea kibao: huu ni urithi wa nchi, marufuku kuchimba, marufuku kuondoa hata jiwe. Nikasema, basi ni hapo.

Akanicheka. "Umefurahi watu hawachimbi, na wewe umebeba kijiko."

Nilichimba hivyo hivyo, pembeni mwa ukuta, upande linapotoka jua.

Binti akakua, akaolewa, akaenda Kanada na mumewe. Mwaka juzi alifia huko, wakamzika huko. Mimi sina karatasi za kusafiri. Mazishi niliyaona kwenye simu ya jirani, picha inakatika-katika. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, nilipanda kilima nikakaa pale ukutani. Sikulia. Nilimpa habari tu: nani kaolewa, nani kahama, mvua imeingia chumba gani.

Mwezi uliopita nikakuta uzio. Ukuta ulikuwa umeinama, wataalamu wamekuja kuutengeneza, wamechimba mtaro chini yake kote. Mlinzi alikuwa mtu wa kwetu, anakaa mtaa wa Rosettenville.

"Mama, huku haturuhusu watu."

"Waliochimba waliona kitambaa cha bluu?"

"Walipata vifungo vya askari na maganda ya risasi. Wamevifunga kimoja kimoja kwenye pamba. Vitu vya siku hizi wanatupa."

"Wanatupa wapi?"

"Eish, mama. Gari lilibeba mifuko Alhamisi."

Nikamweleza kilikuwa cha nani. Akavua kofia, akanifungulia uzio.

Kando ya mtaro palikuwa na lundo la udongo. Nikapiga magoti, nikatia konzi mbili kwenye ncha ya kitenge, nikafunga fundo.

"Mama, usinifukuzishe kazi. Hata udongo hautoki hapa. Ndiyo sheria yao."

"Najua. Ndiyo iliyonifanya nimlete."

Akageuka akatazama upande wa mji, ili nipite. Sikupita. Siwezi kuitegemea sheria siku ya kuzika, halafu niivunje nikishafiwa. Nikafungua fundo, nikamwaga udongo palepale, nikakung'uta kitenge mpaka kikawa safi.

Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, miguu ilianza kupanda kilima yenyewe. Nikairudisha nyumbani.