Mkalimani wa Mama

Leo mama mmoja Mkorea amekataa kuingia kwa mshauri wa afya ya akili, pale kliniki ya Hockley ninapofanya usafi, mpaka mkalimani abadilishwe. Alisema wanasali kanisa moja. Watu wa mapokezi wakamwona msumbufu. Mkalimani akapita karibu na ndoo yangu akinukia marashi ya waridi, nami nikarudi utotoni.

Nilikuwa nimekaa kando ya mama mbele ya mshauri wa kizungu, amenishika mkono. Mkalimani wetu alikuwa Mama Pasta, mke wa mchungaji wetu, aliyetuletea unga na mablanketi tulipofika Birmingham. Alinukia hivyo hivyo.

“Sema, dada,” alimwambia mama. “Huyu mzungu hata ugali haujui. Hapa uko na mimi.”

Basi mama akasema. Kwamba kila akifungua bomba la maji, anamsikia akilia mdogo wangu tuliyemzika njiani. Tuliporudi, kwenye basi, mama alicheka kidogo, kama aliyetua mzigo.

Jumapili Mama Pasta akasimama mbele ya kanisa zima. “Tumwombee dada yetu. Anasikia sauti za wafu.” Mumewe akamwekea mama mikono kichwani akikemea pepo, na watu wakavuta watoto wao pembeni. Hao wawili ndio waliomfunga mama yangu mdomo.

Miadi iliyofuata, mshauri aliuliza habari za maji. Mama Pasta akatafsiri kwa sauti tamu. Mama hakumtazama. Alimjibu mzungu mwenyewe, kwa neno moja la Kiingereza alilokuwa nalo.

“Okei.”

Tangu siku hiyo, nyumbani bomba nililifungua mimi.