Pua ya Beryl Tunnicliffe

Hapa kijijini Netherlow, huku uzunguni, hakuna anayebishana na Beryl Tunnicliffe kuhusu harufu. Akiingia dukani akasema maziwa ya kule nyuma yameanza kugeuka, mwenye duka huyatoa bila kuuliza. Mimi mwenyewe aliwahi kuniambia, tumesimama mlangoni kwangu tunazungumza mambo mengine kabisa, kwamba jana yake niliunguza vitunguu nikafungua madirisha kuficha. Ilikuwa kweli, na nilinuna siku nzima.

Pua hiyo ndiyo iliyomlisha. Baba yake alikuwa fundi wa mapipa mjini Burton, na Beryl aliingia kiwanda cha bia akiwa msichana wa kuosha glasi. Wakubwa wakagundua kipaji chake, wakamweka kwenye meza ya waonjaji, akakaa hapo mpaka akastaafu. Ni mwanamke mfupi, mwenye mdomo mkali na viatu vilivyong'arishwa. Hajipaki manukato wala hali pipi ya mnanaa siku ya kazi, na ukimkaribia na sigara utajuta.

Kila Januari kijiji hufanya maonyesho yake ya majira ya baridi katika ukumbi wa kanisa: jamu, keki, achari, soksi za kufuma, na meza moja karibu na jiko la chai ambayo wanaume huizunguka kama hawana habari nayo. Hiyo ni meza ya mvinyo wa shayiri. Jina lisikudanganye, zabibu haimo hata moja. Ni bia, ila bia iliyoshibishwa kimea mpaka ikapata nguvu za mvinyo, nzito, ya rangi ya chai iliyokolea, ya kunywewa kwa glasi ndogo karibu na moto. Anayeinywa kwa glasi kubwa hurudishwa nyumbani ameshikwa kwapa.

Jaji wa meza hiyo ni Beryl, na karani wake ni mimi, Rehema, mzaliwa wa Muheza, niliyekuja huku kuuguza wagonjwa nikaolewa nikabaki. Kazi yangu ni kubandika namba kwenye chupa, kumimina, kuandika asemalo jaji, na kufunga mdomo. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Na mume wa jaji, Roy, hupika mvinyo wa shayiri.

Roy ni fundi mabasi mstaafu, mrefu, mpole, mwenye mikono isiyotulia. Kwa wapenzi wa mpira kadi nyekundu ni balaa, lakini kwenye maonyesho yetu ndiyo kadi ya mshindi wa kwanza. Buluu ni ya pili, njano ni ya tatu. Roy alikuwa na buluu na njano za kutosha kubandika ukuta mzima wa choo. Nyekundu hakuwahi kuipata, na aliitaka kwa moyo wote, ingawa ukimuuliza angekwambia ni karatasi tu.

Kasoro yake ilikuwa moja na kila mtu aliijua: haraka. Kinywaji hiki hutaka kulala gizani miaka, ukali wake upoe, utamu wake utulie. Roy alikuwa akifungua chupa ya kwanza kabla gundi ya lebo haijakauka. Siku ya harusi yao alifika kanisani mchungaji akiwa bado anakunywa chai kwake. Na kila mwaka mkewe alionja chupa zisizo na majina, akafika kwenye moja, akanusa, akashusha pumzi na kunisomea maneno yaleyale niandike: ina mkono mzuri, bado changa, mtengenezaji angengoja.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo watu hawakulisema mbele ya Beryl. Mwaka wa kwanza wa ujaji wake, Nev Orgill mwuza nyama alisema kwa sauti baa nzima isikie kwamba sasa nyekundu zitakuwa zinahamia nyumbani kwa jaji. Nev hupika pia, na hupenda kushinda. Alisema kwa mzaha, lakini Beryl si mtu wa kusahau mzaha. Tangu siku hiyo aliilinda heshima yake kama anayebeba mayai kwenye barafu. Miaka mingine aliiacha nafasi ya kwanza tupu, maana kanuni zinamruhusu jaji kusema hakuna aliyestahili.

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwa Roy. Mgongo ulikuwa umemsaliti, daktari alimkataza kunyanyua masufuria, na lile kubwa la shaba alishampa mpwa wake kule Derby. Kijiji kizima kilijua. Watu walimwendea Beryl mmoja mmoja, kwa siri kila mmoja, kumwomba awe na utu safari hii. Aliwajibu wote kwamba pua yake haijaolewa na mtu.

Asubuhi ya maonyesho tulijifungia ukumbini, yeye na mimi, na chupa saba za kahawia zilizovuliwa lebo. Nilijua kila chupa ni ya nani. Namba nne ilikuwa ya Nev. Namba sita ilikuwa ya Roy, aliyeniletea jana yake imefungwa kwenye gazeti, akaniachia mikononi na kuondoka bila utani wake wa kawaida.

Ukimwona Beryl kazini utadhani anasali. Huinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, huizungusha, huingiza pua, hufumba macho. Kisha funda dogo, hulipitisha ulimini kote, na humeza, maana anasema bia isiyomezwa haijaonjwa. Halafu kipande cha mkate mkavu na maji, na inayofuata. Ya kwanza ilinuka siki. Ya pili ilimchoma koo. Ya tatu aliisifu kidogo, na kwake kidogo ni nyingi.

Alipoinusa ya nne, uso wake ukalegea kwa huzuni ya kimama.

"Huyu ni wangu," akasema.

Nikainamia karatasi yangu.

"Harufu hiyo ya peasi unaisikia, Rehema? Hiyo ni hamira ya Roy, ya bandani kwetu. Ningeijua hata nikiwa kaburini. Na tazama, ameileta mapema tena. Mwaka wa mwisho, jamani. Angengoja hata kidogo."

Nilitamani kumwambia. Msimu uliopita hamira ya Nev ilikufa, akaenda kwa Roy kuomba, na Roy, asiyejua kunyima, akamjazia mtungi mzima. Lakini karani anafunga mdomo. Beryl alikaa na glasi ile muda mrefu kuliko zote, anaonja, anaiweka, anairudia, anatafuta sababu ya haki ya kuipandisha juu. Hakuipata. Akatamka alama zake, zisizozidi njano, na sauti yake ikakwaruza.

Ya tano hata hakuimaliza. Ya sita aliinusa, akaitoa puani, akaitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina na mtu asiyemfahamu. Akanusa tena. Akaonja.

"Andika zabibu kavu," akasema hatimaye. "Andika jamu ya machungwa iliyopikwa na maganda yake. Ngozi ya tandiko. Mwishoni uchungu mdogo, unaondoka kwa adabu. Haichomi. Inapasha moto mpaka kwenye vidole." Akameza tena kwa raha tu, jambo ambalo hafanyi kamwe kazini. "Huyu ni mtu aliyekaa. Sijui ni nani, lakini anajua kukaa. Mpe nyekundu."

Nikaandika. Ya saba aliionja kutimiza kanuni tu, haikubadilisha kitu.

Saa nane milango ikafunguliwa, watu wakaingia na makoti yao yenye unyevu, na ukumbi ukanuka sufu na keki. Kwa desturi karani husoma maoni ya jaji kwanza, kisha hufunua jina. Roy alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na mlango, mikono mfukoni. Beryl alimtupia jicho la kumpa pole kabla ya pigo.

Nikasoma nafasi ya tatu, namba nne: mkono mzuri, bado changa, mtengenezaji angengoja. Watu wakamgeukia Roy kwa huruma, na mama mmoja akampapasa bega. Nikafunua jina: Neville Orgill.

Kicheko kilichopigwa hapo nusura kizime jiko la chai. Nev akawa mwekundu kuliko nyama yake. Beryl hakucheka. Alinigeukia, midomo imeachana kidogo, na nikaona hesabu inafanyika kichwani mwake. Nikasoma nafasi ya pili, ya mwalimu mmoja wa Matlock, na hakuna aliyesikiliza. Kisha nikasoma ya kwanza, maneno yote, zabibu na machungwa na ngozi na adabu, nikafunua: Roy Tunnicliffe.

Vichwa vyote vikamgeukia jaji. Halafu Nev, aliyekuwa bado anaungua, akasema kile alichokuwa amekiweka tayari kwa miaka yote.

"Kumbe. Mwaka wa mwisho, na nyekundu inahamia nyumbani kwa jaji."

Watu kadhaa wakainamisha macho kwenye soksi za kufuma. Beryl akanyoosha mkono kwenye ubao nilikobandika kadi na kuishika ile nyekundu kwenye kona. Nilijua anataka kufanya nini. Angeivua, angesema mwaka huu hakuna aliyestahili, angeokoa jina lake na kurudi nyumbani na mume asiye na kitu. Nilimchukia kidogo wakati ule, nasema kweli.

Lakini hakuivua mara moja. Alimwita Roy mbele, kwa sauti ya kiwandani.

"Hii si pombe yako."

"Ni yangu, mama."

"Mimi nazijua pombe zako. Hii imelala miaka, hata ile peasi imekwisha. Wewe hujawahi kuacha kitu kikalala. Umeipata wapi?"

Roy akajikuna shingo. Akasema ni pombe yake tu, na kama anataka kuivua kadi aivue, ni karatasi. Beryl akamwambia kwamba hapo hazungumzi na mkewe, anazungumza na jaji, na jaji ameuliza swali. Basi Roy akatazama viatu vyake na kujibu.

"Niliipika ile Februari uliyolazwa hospitali kule Derby. Nyumba ilikuwa kimya sana, sikujua nifanye nini na mikono. Nikaziweka chupa chini ya ngazi, nikasema sizigusi mpaka yule daktari aseme saratani imekwisha, hutarudi tena kwake. Akasema hivyo Oktoba iliyopita."

"Miaka sita hukufungua hata moja?"

"Niliogopa nikifungua mapema."

Hakuimalizia sentensi, na haikuhitajika. Mimi niliyekuwa nikimbadilishia Beryl bandeji nyumbani kwao majira yale ya baridi nililia waziwazi, na sikuwa peke yangu. Hata Nev alichukua glasi ya namba sita iliyobaki mezani, labda kwa kukosa pa kuweka mikono. Akaonja. Akaonja tena, akaiweka chini taratibu, akasema mtu asiiguse kadi hiyo, yeye amekwisha kunyamaza.

Ningependa kusimulia kwamba mambo yaliishia hapo. Lakini Beryl Tunnicliffe ni jaji, na ukishamgusa moyo hutoa haki kwa pande zote. Aliiachia kadi ubaoni, akajinyoosha, na akazungumza na ukumbi mzima huku akimtazama mumewe.

"Mwaka wa mafuriko Nev alipata nyekundu. Ya Roy ndiyo ilikuwa bora. Roy alikuwa amevunjika mguu, hakuweza kufika bandani, ikalala yenyewe. Niliijua kwa ile peasi. Nikaishusha mpaka ya pili kwa kuogopa maneno. Sikuwa jaji siku ile. Nilikuwa mwoga, na nimekaa nayo mpaka leo."

Mchungaji alianza kukata keki ambayo haikuwa imehukumiwa bado. Beryl alisimama akingoja, ameshika ukingo wa meza, na sijawahi kumwona mdogo vile, hata alipokuwa hospitali.

"Najua," akasema Roy.

"Unajua nini?"

"Kwamba yangu ilikuwa bora. Niliionja ya Nev jioni ileile, alinimiminia mwenyewe kusherehekea."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeacha ujaji," akasema Roy. "Nami nilipenda kukuona pale dirishani na glasi, umefumba macho. Kila mwaka nilileta chupa ili nije nikuone."

Beryl akaja upande wetu wa meza na kumbusu mumewe mdomoni, mbele ya mchungaji na kamati nzima ya keki. Kisha akatoa kitambaa, akapenga pua yake ile maarufu kwa kishindo, na kuniambia nimimine kilichobaki kwenye namba sita, glasi mbili tu, na Nev asipewe.