Fundi Aliyechukia Nailoni

Kwenye karakana ya makochi, goti ni kifaa cha kazi kama nyundo. Ukivuta kitambaa kwa mikono miwili, lazima kitu kikandamize sponji, na fundi hakuzaliwa na mkono wa tatu. Ndiyo maana kila aliyedumu kwenye kazi hii ana sugu chini ya goti, na ndiyo maana uvimbe ulipomtokea mguuni dada fundi waliyemwita Springi, karakana nzima ilimpongeza.

"Sasa umeiva," alisema mwenzake wa meza ya kukatia. "Tulidhani unatudanganya miaka yote hii."

Springi naye aliamini. Uvimbe ukawa mwekundu, ukapasuka, ukawa kidonda kisichotaka kupona. Akakifunga kwa kipande cha kitambaa na kuendelea kukandamiza kwa goti lile lile. Mtu mwenye figo la kupandikizwa, kama yeye, hufundishwa kuogopa kila kitu, hata mafua ya jirani. Aliambiwa pia aichunguze ngozi yake. Aliichunguza, akaona alama ya kazi tu.

Figo lilikuwa la mdogo wake, kinyozi, mwanamume asiyeweza kumaliza kichwa cha mteja bila kufunua shati na kuonyesha kovu. Akija karakana hamsalimii mtu, anasalimia kiungo.

"Figo langu halijambo?"

"Halijambo. Linashukuru limepumzika kusikia maneno yako."

Siku ya kliniki ya figo, daktari wake, mama mpole mwenye miwani ya kuning'inia, alikata kipande cha kile kidonda, akakipeleka maabara, na majibu yalipotoka akavuta kiti karibu. Springi alijua hapo hapo. Madaktari hawavuti viti kwa habari njema.

"Ni limfoma," alisema. "Saratani ya chembe zinazolinda mwili. Vidonge unavyomeza kila siku vinawalaza walinzi wako, wasije wakalitambua figo kuwa ni mgeni wakalifukuza. Walinzi wakilala, mengine hupita. Kwako, aliyeharibika ni mlinzi mwenyewe. Wengi wa waliopandikizwa wakipata limfoma, huwa ya chembe aina ya B. Yako ni ya T. Ni nadra sana."

"Kwa hiyo hata ugonjwa nimeletewa wa oda maalumu."

Daktari alicheka kidogo, kisha akajutia. Tiba ilikuwa dripu za dawa kali, ila kwanza vile vidonge vya kulilinda figo vipunguzwe ili walinzi waamke.

"Wakiamka, wataliacha figo?"

"Sitakudanganya. Wanaweza kulishambulia. Ukilipoteza, utarudi kwenye mashine ya kusafisha damu."

"Basi vidonge visiguswe," alisema Springi akisimama. "Hilo figo si langu."

Habari ikatembea. Shangazi yao, aliyekuwa ameagiza kochi la watu watatu, alifika karakana na uso wa msibani, akaizunguka fremu yake, kisha akaizunguka cherehani.

"Mwanangu, na hii mashine utamwachia nani?"

"Simwachii mtu, shangazi. Ukitaka cherehani, madukani zipo."

"Mimi nauliza tu."

"Na mimi najibu tu. Kochi lako liko njiani. Na mimi pia nipo."

Kinyozi aliingia jioni ile akiwa bado na aproni ya kazini, nywele za watu wengine mabegani. Hakuuliza habari za figo.

"Dada, nimesikia umekataa tiba."

"Nimekataa kuchezea mali yako."

"Mali yangu!" Alijitupa kwa hasira kwenye kochi lililokuwa limevuliwa kitambaa, akapiga ukelele na kuruka: springi moja ilikuwa imemkaribisha.

"Hujambo?" aliuliza dada yake.

"Sijambo! Nisikilize. Ulipasuliwa, nikapasuliwa, mama akalia kwenye korido mbili kwa zamu. Ilikuwa ili wewe uishi. Sasa unataka kufa na figo zima, tukuzike nalo likiwa jipya?"

"Wewe umebaki na moja kwa ajili yangu. Nikiliharibu nitakutazamaje?"

"Kwa macho. Wafu hawatazami." Akaonyesha pembeni, kwenye rundo la nailoni zilizochanwa. "Zile ni za nini?"

Springi alijua. Mji mzima ulijua. Hapakuwa na kitu alichokichukia kama mteja anayenunua kochi zuri, akaliacha ndani ya nailoni ya kusafirishia, kisha familia ikakaa chini kwenye mkeka ikilitazama. Kila alipopeleka kochi, alichana nailoni kwa kisu chake kabla hajaaga, mwenye nyumba apende asipende.

"Unawavulia watu nailoni kwa nguvu," alisema kinyozi, "halafu figo langu umelivalisha. Nilikupa ulitumie. Likiisha, limeisha kwa kazi."

Springi alilitazama rundo lile. Kisha akachukua nyundo.

"Kesho unanisindikiza kwa daktari. Na huko usifunue shati."

Vidonge vikapunguzwa, dripu zikaanza. Nywele zilipoanza kudondoka, mdogo wake alimnyoa zote bure, akilalamika kwamba kichwa kina makona. Figo liliyumba; vipimo vikapanda vikamtisha hata daktari, kisha vikatulia mahali ambapo hakuna aliyepapenda, ila mashine ya kusafisha damu haikuhitajika. Kidonda kilisinyaa. Daktari hakuahidi kitu, na Springi alimheshimu kwa hilo.

Kochi la shangazi alilipeleka mwenyewe, kichwa kipara, limekandamizwa mwanzo hadi mwisho kwa goti la kushoto, lile lisilo na kidonda. Shangazi akaweka mkono juu ya nailoni.

"Mwanangu, iache tu. Lisichakae."

"Litachakaa, shangazi," alisema Springi, akachomoa kisu. Akaichana kutoka mkono hadi mkono, akaikunja na kuibana kwapani, kisha akakaa katikati ya kochi kwa uzito wake wote, akiwa wa kwanza kulikalia, akaomba chai.