Marashi katika Chupa za Korongo

Ijumaa ile, mwaka wa hamsini na nane, gari la Kampuni ya Korongo, wauza dawa, liliingia mtaa wa Ngamiani, Tanga, kimya. Mwatumu binti Haji alikuwa uani kwake, anachuja maji ya asumini kwenye kitambaa cheupe, na mikono yake ilinukia hadi viwikoni. Alilisikia gari tangu linakata kona. Akangoja kipaza sauti. Miaka yote ile, mumewe Uweso akirudi safari hakuwahi kuingia mtaani bila kupiga kelele juu ya gari lile: "Korongo karudi! Bibi Mwatumu, weka chai!" Watoto wangekimbilia gari, na majirani wangecheka.

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Gari likasimama mlangoni, injini ikazimwa, na dereva Laurenti akaingia uani kofia ikiwa mkononi. Laurenti alikuwa Mkristo, mtu wa bara aliyeletwa pwani na kazi za mkonge, naye na Uweso walikuwa kama pua na mdomo.

"Shemeji," akasema.

"Sema, Laurenti."

"Tulilala Mkwaja. Alfajiri kasali msikitini pamoja na wenzake. Katoa salamu kulia, katoa salamu kushoto, kisha akamwegemea jirani yake. Walidhani ana usingizi."

Mwatumu akakiweka chini kitambaa. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akasema. Halafu akaenda kwenye pipa la maji, akaanza kunawa mikono. Akanawa kwa sabuni, akanawa kwa majivu. Tangu saa ile alikuwa mjane, na mjane aliye edani hagusi manukato.

Nyuma ya Laurenti akaingia mwanamke mtu mzima, amejifunga kaniki, macho mekundu. Ni Bi Mwamvua wa Mkwaja, aliyepanda gari pamoja na maiti na wanaume wawili wa kijiji chake. Alimkumbatia Mwatumu, wakalia. Na mtu asiyejua habari zao asingeamini kwamba yule mama ndiye aliyewahi kumtukana Uweso mbele ya kijiji kizima.

Uweso bin Sadalla hakuzaliwa na dawa mkononi. Alikuwa karani wa kupima mizigo bandarini. Yeye na Mwatumu walijaliwa binti, wakamwita Chiku, na Chiku alipokuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, Mwatumu alikwenda naye kwa mama yake Maramba. Homa ikamshika mtoto huko. Hapakuwa na dawa karibu, mvua ilikuwa imekata njia, na Mola akamchukua. Uweso hakumlaumu mtu. Lakini Kampuni ya Korongo ilipotafuta mtu wa kuzunguka na gari vijijini, aliacha kiti chake cha ukarani siku hiyo hiyo. Rafiki zake wakamwona kapungukiwa na akili.

Kazi ile aliipenda kuliko chakula. Mwatumu alipata kufuatana naye mara nyingi, akakaa mbele karibu na Laurenti, akamsikiliza akisimama juu ya gari na kanzu yake iliyopigwa pasi.

"Mabibi na mabwana! Mnaijua Korongo nyinyi? Ilianza duka moja dogo la mzee mmoja Ulaya, anasaga dawa kwa kinu kama mnavyotwanga nyinyi mpunga. Leo ina kiwanda ukingoni mwa mto, watu wanaingia kazini kama siafu! Ina ghala Bombei, ina ghala Mombasa, na Tanga ghala letu liko pale pale karibu na gati. Una homa? Vidonge vyeupe hivi. Mgongo? Dawa ya kuchua hii, ukijipaka jirani yako atapiga chafya. Macho? Marhamu. Minyoo? Ipo, wala usione haya, hata waheshimiwa wanayo! Na mtoto akishikwa na homa, dawa ya maji hii hapa. Chungu! Chungu kuliko maneno ya shemeji yangu. Lakini inaponya kwa idhini ya Mungu."

"Shemeji yako anakusikia?" mtu angeuliza.

"Ndiyo maana nimesimama juu ya gari!"

Kisha angeinua ile chupa ya dawa ya watoto juani. Ilikuwa ya buluu, ya pembe nne, na ndege korongo amechorwa katika kioo chenyewe, mguu mmoja juu. "Na dawa ikiisha, mama, chupa ni yako. Nakupa zawadi!"

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyouza kuliko yote. Hakuna mwanamke wa pwani aliyetupa chupa ile. Walitia mafuta ya nazi, walitia asali. Na mitaani wakapita watu wa baiskeli, wakitoa sindano, uzi na shanga, wakichukua chupa tupu. Wengi waliziuza. Uweso aliona, wala hakuona ubaya.

Mwaka wa hamsini na tano walifika Mkwaja, na kabla Uweso hajaanza, mwanamke mmoja akatoka kwenye kundi, akasimama mbele ya gari.

"Zima hilo baragumu lako!"

"Shikamoo, mama," Uweso akasema kutoka juu.

"Sitaki shikamoo yako. Shuka, weye muuza maji! Mjukuu wangu yuko hospitali Pangani, anadungwa sindano. Nilimpa dawa yako vijiko mpaka chupa ikaisha nusu, homa haikurudi nyuma hata hatua. Onja!"

Uweso akashuka. Akapokea chupa, akapitisha kidole juu ya yule ndege kwenye kioo. Ilikuwa chupa yao. Akaonja, na Mwatumu aliyekuwa garini akauona uso wa mumewe ukibadilika. Dawa ilikuwa tamu.

"Hii sukari na manjano," akasema polepole. "Mama, nani kakuuzia?"

"Mtu wa baiskeli. Kaniambia yeye ni mtu wenu. Korongo huyu si wako?"

"Ndege ni wangu. Maji si yangu."

"Basi kamwambie mjukuu wangu maneno hayo!"

Watu wakaguna. Siku hiyo hakuuza hata kidonge kimoja. Njia nzima ya kurudi Laurenti aliimba nyimbo za kanisani ili mtu atoe sauti garini.

Habari zikaenea upesi, maana chupa za Korongo zilizojazwa maji ya manjano zilikuwa zimefika Pongwe, zimefika Maramba. Meneja, Mzungu mmoja mwenye haraka, akamwita Uweso ofisini. Alisema jina la Kampuni halitachezewa. Ama wanawake wavunje chupa zote tupu, ama dawa ya watoto iondolewe vijijini kabisa, iuzwe hospitalini na katika mashamba ya mkonge tu. Alimpa mpaka mwisho wa masika.

"Wavunje?" Mwatumu alisema aliposimuliwa. "Chupa nzuri kama ile? Na watoto wote wanatembea pekupeku! Huyo hatujui."

"Nimemwambia. Kasema basi dawa haitakwenda." Uweso akavua kofia yake, akaitazama. "Mwatumu, isipokwenda, kule Maramba mtu atakaa na mwanawe vile ulivyokaa wewe."

Jambo hilo walikuwa hawalitaji. Lakini tangu hapo kila baada ya sala Mwatumu aliomba jambo moja: dawa isiondoke vijijini.

Jibu lilikuja kwenye sinia la chakula. Mwatumu alikuwa na chupa yake ya Korongo aliyotilia marashi ya arusi, na marashi yalipokwisha aliiosha vizuri, akatia mafuta ya kupikia. Akapika wali. Uweso akatia tonge mdomoni, akasita.

"Mke wangu, wali huu umeupika au umeufukiza?"

"Usinianze. Ni chupa tu. Nimeiosha kwa maji ya moto, nimeisugua kwa majivu, lakini kizibo kile kimeshakunywa marashi, hakisikii. Kila ukitiacho humo kinanukia bibi arusi."

Uweso akacheka, kisha akaacha kucheka mkono ungali njiani kwenda sinia. Wakatazamana. Mwatumu ndiye aliyesema kwanza.

"Tuzitie zote."

"Zote?"

"Kila chupa tupu ya Korongo, pwani nzima. Nitachemsha mimi. Chupa iliyokwisha kutiwa marashi, nani atatilia dawa ya uongo, mtu asiinuse?"

Basi nyumba ile ikageuka kiwanda. Wanawake wa Ngamiani walileta asumini kwa vikapu, walileta vilua na mawaridi, na Laurenti, ambaye alisema kazi ya maua si ya mwanamume, alikutwa amechutama anachambua majani. Walipakia mitungi garini pamoja na dawa, wakaenda.

Walianza Mkwaja, kwa sababu Uweso alisema aibu huanzwa kufutwa pale ilipopakwa. Mjukuu wa Bi Mwamvua alikuwa amepona, alhamdulillahi, anakimbiza kuku. Uweso akapanda juu ya gari.

"Leo siuzi kitu! Nilikwambieni chupa ni zawadi, nikakupeni zawadi tupu. Leo nimekuja kuijaza. Leteni chupa na vizibo vyake, Bi Mwatumu awatilie marashi. Na kuanzia leo, mtu akikuuzia dawa ya Korongo, nusa kabla hujalipa. Ikinukia arusi, hiyo si dawa, huyo ni mwizi!"

Watu wakabaki wanatazamana. Bi Mwamvua akaja mbele na ile chupa yake, mkono mmoja kiunoni. Mwatumu akamtilia. Akanusa. Akanusa tena.

"Haya ya bure?"

"Ya bure, mama."

"Hata kwetu sisi tuliomtukana mumeo?"

"Nyinyi ndio wa kwanza."

Bi Mwamvua akageukia kijiji. "Mnangoja nini? Leteni chupa! Asiyeleta, mimi nitajua kwamba anamlea mwizi!" Wakaja mbio, hata wengine wakaleta chupa za siki, Mwatumu akazirudisha.

Kijiji baada ya kijiji wakafanya hivyo, masika yakinyesha juu yao, gari likikwama na watu wakilisukuma huku wananukia. Na kabla mvua hazijakoma Mwatumu alikwenda Pongwe kumjulia hali ndugu yake, akapita sokoni. Mtu mmoja alikuwa ameegemeza baiskeli, sanduku liko wazi, chupa za buluu zimepangwa. Mwatumu akachukua moja, akafungua kizibo, akanusa. Asumini.

"Kaka, hii dawa ya nini?"

"Homa ya watoto, bibi. Korongo wenyewe hawa."

"Kweli?" Akageuka, akapaza sauti kama mumewe juu ya gari. "Enyi kina mama! Njooni mnuse! Asumini hii nimeichuma mimi mwenyewe uani kwangu!"

Muuza maandazi akaacha karai lake, akaja kunusa. Muuza dagaa akaja. "Arusi!" wakapiga kelele. "Jamani, arusi! Bwana arusi huyu hapa!" Wakampigia vigelegele. Yule mtu akatazama kulia na kushoto, akarukia baiskeli, akasahau sanduku. Wanawake walimkimbiza mpaka njia kuu, wakicheka na kumrushia maganda ya machungwa. Mbele huko askari walimpokea.

Uweso alilipeleka lile sanduku kwa meneja, akaliweka juu ya meza yake. Meneja akafungua chupa, akanusa, akakaa kitini. Dawa ya watoto haikuondolewa. Makasha yakaongezwa, na kila safari mitungi ya Mwatumu ilipanda gari la Kampuni kwa amri ya Kampuni. Kuanzia mwaka ule Uweso hakukuta tena chupa ya manjano, si Maramba, si Mkwaja. Kila alipopita, kina mama walimtolea watoto wao nje awaone walivyonenepa, naye aliwashika vichwa na kusema "Mashallah," na Mwatumu akijua anamwona nani katika wale watoto.

Huyo ndiye aliyelala sasa chumbani, wanaume wakimkosha.

Mtungi wa marashi ulikuwa bado uani, nusu umechujwa. Mwatumu akautazama kwa mbali. Bi Mwamvua akayafuata macho yake.

"Usiuguse, mwanangu. Wewe uko edani. Niachie mimi."

Bi Mwamvua akamalizia kuchuja. Mwatumu akakaa mlangoni, akamwelekeza: kaza kitambaa, usikamue, acha yashuke yenyewe. Kufikia adhuhuri watu wa Pongwe walikuwa wamefika, na baada ya sala ya Ijumaa wakaja wengine, wanaume wa vijiji vya karibu na vya mbali. Wengi walikuwa na chupa ya buluu mfukoni mwa kanzu. Wake zao waliwapa, maana wanawake hawaendi makaburini. Zilizokuwa tupu Bi Mwamvua alizijaza.

Uweso alisaliwa baada ya alasiri. Jeneza likatoka mlangoni kwa shahada, likipokewa bega kwa bega. Laurenti alitembea nyuma, kofia mkononi, na njiani mtu akamwita, akampa nafasi ya kubeba kidogo. Mwatumu alibaki ndani pamoja na wanawake, wakisoma, mpaka sauti za wanaume zilipopotea.

Kaburi lilikuwa limechimbwa chini ya ukuta wa makaburi ya mtaa, upande wa kibla. Walimshusha, wakamlaza kwa ubavu wa kulia, wakaweka mbao, wakafukia. Kikachomekwa kitawi cha mrehani kichwani. Kisha wenye chupa wakasogea mmoja mmoja, wakamimina marashi juu ya udongo, kuanzia kichwani hadi miguuni. Shekhe akamsomea marehemu talakini ya kumkumbusha imani yake, watu wakaitikia dua. Wakakunjua mikono ya kanzu, wakafunga vizibo, na kila mtu akarudi na chupa yake nyumbani.