Tangawizi Katika Ghala la Silaha

Nikiponda tangawizi asubuhi, kabla sufuria haijachemka, ile harufu inayopanda puani hainipeleki milimani Mamba nilikozaliwa. Inanipeleka kwenye ghala la silaha. Najua inachekesha. Nina kibanda cha chai hapa Same, meza tatu na ndoto ya ghorofa, na wateja wakiniona nimesimama na mchi mkononi natazama ukuta hudhani nimechoka. Sijachoka. Niko kambini.

Nilikuwa na miaka tisa mvua ilipoteremsha mlima nyuma ya nyumba yetu. Hakufa mtu, ila jiko lilikwenda na nusu ya shamba, na ukuta wa chumba cha wazazi ukapasuka kiasi cha kupitisha kuku. Tukaambiwa tushuke tambarare, tukakae kwenye kambi ya zamani ya jeshi kwa muda, mpaka udongo utulie. Wanajeshi walikuwa wameondoka siku nyingi. Walituachia mabweni marefu ya bati, vyoo kumi vya mstari visivyo na milango, na uwanja wa gwaride uliokanyagwa hadi nyasi zikaogopa kuota.

Bweni letu lilikuwa na familia sita, tumetenganishwa kwa kanga. Kanga haizuii sauti. Jirani yetu Mama Ester alikuwa anaota kwa sauti, kwa hiyo nilizijua ndoto zake zote, na yeye alijua kila siku sisi tumekula nini. Watu walijifunza kugombana kwa kunong'ona. Mama alikuwa akisema, "Hapa hata ukimkasirikia mtu, mkasirikie kwa adabu."

Kilichotushinda ni joto. Sisi wa Mamba tumezoea kuamka ukungu umekaa mlangoni kama mgeni aliyewahi. Kule chini ukiamka, jua limeshakutangulia kila mahali, hata ndani ya ndoo.

Baba alibaki juu kwa kaka yake, akijenga matuta upya. Mama alishuka na mimi na magunia mawili ya mbegu ya tangawizi. Kabati tuliliacha, godoro tuliliacha, magunia hayakuachwa. Mbegu ile alipewa na bibi, na bibi alipewa na mama yake. Mpango ulikuwa rahisi hata mtoto aliuelewa: mvua za kupandia zikifika, baba atatufuata, tutapanda, tutarudi nyumbani. Bila mbegu hakuna cha kurudia.

Sasa mbegu ya tangawizi haitaki joto la bati. Penye ubaridi kambini palikuwa mahali pamoja tu, ghala la silaha, nyumba ndogo ya mawe yenye kuta nene, haina dirisha, ina kitundu tu juu karibu na dari. Ufunguo alikuwa nao Afande Sifaeli, mstaafu, mtu wa Ugweno, aliyeachwa kulinda majengo. Yeye hakuamini kwamba jeshi limeondoka. Kila Jumapili akitoka kanisani alitupanga watoto wote tupake chokaa mawe ya kando ya njia. Angependa iwe Jumamosi, lakini wengi wetu tulikuwa Wasabato, ikabidi Mlutheri wa watu apange jeshi lake kwa kalenda yetu.

Mama alikwenda kumwomba, na mimi nikiwa nyuma ya gauni lake.

"Mama, hili ni ghala la silaha," alisema. "Halipokei mboga."

"Na silaha zenyewe ziko wapi, baba?"

"Ziliondoka."

"Basi hizi hapa zimerudi."

Afande alijizuia kucheka mpaka masharubu yakatetemeka. Akafungua. Sharti lake moja: anayeingia asimame mlangoni, atoe salamu, aseme anaingia kufanya nini. Sisi watoto tuliona ni mchezo mzuri kuliko yote.

Mama alizipanga mbegu chini, akazifunika majani makavu. Kisha akapata kibarua cha kupalilia vitunguu mtoni, wiki mbili, akalala hukohuko. Nikaachwa kwa Mama Ester na kazi moja.

"Nakijwa, kila siku ukaangalie panya. Kuangalia tu mwanangu, usiziguse."

Siku ya kwanza niliangalia panya, hakuwepo. Siku ya pili nilifunua majani kidogo nikaziona mbegu zenyewe. Zilikuwa zimesinyaa kama vidole vya bibi siku zile za mwisho. Moyo ukaniuma kweli. Nikawaza: hizi zimekumbuka nyumbani, zimekosa ukungu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mbegu iliyolala inatakiwa kukauka. Kwetu kila kitu kilikuwa na umande.

Kwa hiyo nikazitengenezea ukungu. Nilijaza maji mdomoni, nikaenda mashavu yamevimba hadi ghalani, nikayapuliza juu yake, fuuu, mpaka hewa ikawa na mvuke kama asubuhi ya Mamba. Nikazifunika vizuri, nikatoka nimefurahi.

Taabu ilikuwa mlangoni. Mtu mwenye maji mdomoni hawezi kusema shikamoo. Nilimpigia Afande saluti ya nguvu, nikapita.

"Leo shikamoo imekaukia wapi, mjukuu?" aliniuliza.

Nikapiga saluti nyingine. Akanitazama mashavu, akatikisa kichwa, akaniacha.

Nilifanya hivyo kila siku. Wiki ya pili mdomo ulichoka, nikawa naficha maji kwenye kikombe changu cha bati chini ya kanga na kuyamwaga tu.

Mama aliporudi alinishika mkono tukaenda moja kwa moja ghalani. Afande alifungua, na ile harufu ikatoka kabla yetu, ya tangawizi lakini tamu vibaya, kama tunda lililosahaulika. Mama alifunua majani. Chini kulikuwa na kuvu nyeupe na utelezi. Alipiga magoti, akawa anashika moja moja, inabonyea, anaweka pembeni. Sikuwahi kumwona mama akifanya kazi polepole hivyo.

Juu ya majani kulikuwa na kikombe changu. Alikiokota, akakikung'uta, akanipa. "Kakioshe," alisema.

Nilikuwa nataka kulia, ndipo Afande akakohoa.

"Kosa ni langu, mama. Kuna bomba la zamani ukutani humu. Limevuja."

Mama alimtazama muda mrefu. "Mabomba ya zamani yana tabia hiyo," alisema.

Wenzangu, sijawahi kupenda kitu kama nilivyolipenda lile bomba. Nilikilaza kichwa usiku ule nikiwa mwepesi kabisa.

Siku iliyofuata Afande alivua koti, akakaa chini na kisu, wakakata yaliyooza na kupaka majivu kila kidonda. Kumbe naye alikuwa mtoto wa mkulima. Ilipona nusu gunia. Vipande vizima visivyofaa kupandwa mama aliviponda, akapika chai kwenye sufuria kubwa, yeyo mmoja, mama wa Kimasai, akaleta maziwa, bweni zima likanywa siku nyingi. Mimi nilikunywa vikombe vitatu kila mara. Nilidhani ni sherehe.

Mvua zilipofika baba alikuja, akachukua ile nusu gunia akaizalishe kwanza, akarudi peke yake. Nilipouliza kwa nini hatuendi, mama alisema udongo bado haujatulia. Tukakaa kambini msimu mwingine mzima.

Mwaka jana nilipita kule. Afande alisharudi kwao Ugweno, na ghala halina mlango. Niliingia. Ukutani bado kuna maandishi mekundu, USIVUTE SIGARA. Nikazunguka kuta zote nne kwa mkono, jiwe kwa jiwe. Hakuna bomba, wala alama ya bomba. Nani apitishe maji kwenye nyumba ya risasi na baruti? Ukubwani ndipo nikajua kwamba udongo ulikuwa umetulia siku nyingi, na kwamba ule msimu wa joto, wa kanga na ndoto za Mama Ester, mama aliulipia yeye, na kila asubuhi akanimiminia chai.

Nikampigia simu nikiwa humohumo ndani.

"Mama, unalikumbuka lile bomba la ghalani?"

Nilisikia kuku wake, na mtu akipita akimwamkia.

"Lilikuwa bovu sana lile bomba," alisema.

"Bovu sana, mama," nikasema.