Sifuri ya Mama Zawadi

Leo mwalimu wetu wa Kiingereza amenipandisha hasira, na mpaka saa hii haijashuka.

Tuko kwenye kozi hapa Buyenzi. Somo la leo: "put up with". Maana yake ni kumuvumilia mutu ao kitu kinachokuchosha. Muzuri, tukaandika.

Kisha akatoa mufano wake: muke mwema anamuvumilia mume wake. Akacheka, akaongeza kwa Kirundi: "Niko zubakwa!" Yaani ndivyo nyumba zinavyojengwa.

Wanaume wakapiga makofi.

Akamusimamisha mwenzetu Mama Zawadi, anayeuza samaki wadogo wa ndagala sokoni, atoe mufano wake.

Mama akasema polepole, kwa Kiingereza: sitamuvumilia tena mume anayenipiga.

Sentensi safi kabisa! Kila neno mahali pake!

Mwalimu akamupa sifuri. Eti, "Kiingereza ni sawa, lakini muke hasemi hivyo."

Jamani! Tunasoma Kiingereza ao tunafundwa ndoa?

Mi nikainuka nimujibu. Mama akanishika mukono, akamwangalia mwalimu usoni:

"Apana, mwalimu. Nyumba yangu ilijengwa hivyohivyo. Ikaniangukia."

Makofi hakuna.

Nyinyi mungemupa ngapi?