Udongo wa Busi Kwenye Ngazi Nyeupe

Kila asubuhi mzee Masudi Mbwana wa kijiji cha Busi huketi kwenye kigoda na kufuta viatu vyake kwa tambara lenye maji mpaka udongo mwekundu uishe, hata kama anakwenda shambani tu.

"Futa, bwana harusi," mkewe, Bi Mwanaidi, humtania. "Alizeti zinakusubiri."

Masudi ni kaka wa bibi yangu. Alianza kufuta hivyo mwaka 1959, alipokuwa kibarua wa mgodi Afrika Kusini. Jumapili moja alipanda ngazi nyeupe za jumba la halmashauri ya mji ili aione vizuri saa kubwa ya mnara wake. Askari wa mlangoni alimvua shati, akamwamuru alitumie kufuta nyayo zake za udongo, ngazi baada ya ngazi, wazungu wakipita na familia zao. Ngazi zilikuwa kumi na saba.

"Mmoja alimbeba mwanawe begani ili aone vizuri," aliniambia.

Shati lile hakulifua. Alirudi nalo, akalifungia sandukuni miaka thelathini na minane.

Mwaka 1997, biashara na Afrika Kusini ikiwa imefunguliwa, mfanyabiashara aliyenunua alizeti za Busi aliwapeleka wakulima sita nchi ile ile kuona mashine za kukamua mafuta. Siku ya mwisho wangetembezwa kwenye jumba lile la kale. Masudi alikubali kabla hajamaliza kuambiwa. Akafunga mzigo: kanzu, kofia, na udongo wa korongoni ndani ya lile shati.

"Unakwenda kutembea au kuzika?" Bi Mwanaidi alimuuliza.

"Kuzika."

Asubuhi ya ziara aliulowanisha udongo bafuni, akaupaka kwenye soli za viatu, unene wa kidole. Alipanda ngazi zote kumi na saba akikanyaga katikati. Ndani, kwenye sakafu ya marumaru, alizunguka ukumbi mara mbili, akisugua visigino mbele ya picha za mameya wa zamani.

"Yule wa mwaka 1959 nilimsugulia zaidi," alisema, akatabasamu kwa raha. "Ningeweza, ningepeleka korongo zima."

Nilikuwa na swali moja tu.

"Babu, nani alifuta?"

Akaliweka tambara chini.

"Mama mmoja mweusi, wa umri wangu. Alipiga magoti."